Kusoma Shahada ya Uchumi Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha sita na wazazi wao, hasa wa Arua, Koboko, Kasese, Bombo na mitaa ya Kampala ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani au ya sokoni, pamoja na ndugu zetu wa Kenya, Tanzania na Kongo wanaokuja kusoma Uganda. Mimi nilisoma shahada hiyo Kampala, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vipindi vya mazoezi. Maswali yaliyomo humu ndiyo ninayoulizwa zaidi.

Shahada ya uchumi inafundisha nini ambacho uhasibu na biashara havifundishi?

Mhasibu huandika fedha zilizoingia na zilizotoka, akahakikisha kwamba vitabu vinakubaliana. Mwanachumi huuliza kwa nini bei imekuwa hivyo, kwa nini watu wamechagua hiki wakaacha kile, na nini kitatokea serikali, mvua au jirani akibadilisha jambo moja.

Mfano ulio karibu kabisa ni wa kijana anayepika rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, pale Wandegeya, Kampala. Trei ya mayai ilipopanda bei, hakupandisha bei ya rolex yake. Alipunguza kabichi, akaifanya chapati iwe nyembamba, na nyanya zikakatwa vipande vidogo zaidi. Wiki kadhaa zilipita ndipo bei yenyewe ikapanda, na siku hiyo majiko yote ya mstari ule yalipandisha pamoja. Mhasibu angependa kujua kama kijana alipata faida katika wiki zile. Mwanachumi angependa kujua kwa nini hakuthubutu kuwa wa kwanza kupandisha, na jibu linaanzia kwenye majiko mengine yaliyopo hatua chache tu kutoka lake, kwa sababu mteja hahitaji hata kuvuka barabara ili amkimbie. Sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza inahusu swali hilo hilo, ila linaandikwa kwa michoro na hesabu.

Je, ninaweza kusoma uchumi bila kuwa nimesoma hesabu kidato cha tano na sita?

Kwa masharti ya kuingia, inawezekana katika baadhi ya programu na baadhi ya vyuo. Kwa masharti ya kufaulu, nitasema wazi: bila hesabu utateseka, na mateso hayo yanaanza wiki ya tatu au ya nne ya muhula wa kwanza.

Uchumi wa kidato cha sita nchini kwetu husomwa kwa maneno. Mwanafunzi hukariri sababu za ukosefu wa ajira, faida na hasara za ushuru, hatua za kupambana na mfumuko wa bei, kisha huandika insha, na akiwa na kumbukumbu nzuri hupata alama ya juu. Chuoni somo lenye jina lile lile huja na sura nyingine. Nakumbuka karatasi ya jaribio ya binti mmoja aliyekuwa na A ya uchumi. Swali liliuliza: ikiwa muuza sabuni anajua kwamba idadi ya vipande anavyouza ni 120 ukitoa mara mbili ya bei, ni bei ipi itakayomwingizia mapato makubwa kuliko zote? Aliandika ukurasa mzima na nusu, kwa mwandiko mzuri, kuhusu umuhimu wa mapato kwa mfanyabiashara. Alipata alama 2 kati ya 20. Kilichotakiwa kilikuwa mistari minne. Mapato ni bei mara idadi, yaani 120P ukitoa 2P². Ukitafuta kasi ya mabadiliko yake unapata 120 ukitoa 4P. Ukiifanya kuwa sifuri, bei ni 30. Vipande vitakavyouzwa ni 60 na mapato ni 1,800.

Binti yule hakuwa na akili ndogo hata kidogo. Hakuna aliyemwambia mapema. Alirudia somo lile mwaka uliofuata, akalipia tena, na hatimaye alifaulu vizuri, lakini ada ya kurudia ilitoka kwenye fedha za mdogo wake. Ndiyo maana ninalisisitiza jambo hili kwa kila mzazi anayeniuliza, na ndiyo maana ningependa walimu wa kidato cha nne waache kuwaambia watoto kwamba uchumi ni somo la kukimbilia ukiogopa hesabu. Mchepuo wowote wenye uchumi na hesabu pamoja, iwe na jiografia au na fizikia, unakuandaa vizuri kuliko ule wa historia, uchumi na dini. Kama umeshapita kidato cha sita bila hesabu na bado moyo wako uko kwenye uchumi, usikate tamaa. Soma jibu la mwisho la ukurasa huu.

Pointi za kuingia chuo cha umma zinahesabiwaje?

Sharti la chini kwa shahada yoyote ni kuwa na masomo yasiyopungua matano uliyofaulu kidato cha nne, na masomo makuu mawili uliyofaulu kidato cha sita katika mtihani wa mwaka mmoja. Baada ya hapo ushindani unaamuliwa na uzito, yaani jumla ya pointi zako. Alama A ya somo kuu ina pointi 6, B ina 5, C ina 4, D ina 3, E ina 2, na O ina 1. Masomo mawili ambayo programu inayaita ya lazima huzidishwa kwa 3, lile linalohusiana huzidishwa kwa 2, na masomo madogo, kama vile jenero pepa (mtihani wa maarifa ya jumla), huhesabiwa kama yalivyo.

Tuseme Mathematics na Economics ndiyo masomo ya lazima, na mtahiniwa ana B na A. Hapo anapata 33. Akiwa na C ya jiografia kama somo linalohusiana, anaongeza 8, na masomo madogo mawili yanampa 2, hivyo jumla ni 43 kabla ya kuongeza sehemu ndogo inayotokana na kidato cha nne. Mwanamke huongezewa pointi 1.5 katika vyuo vya umma, utaratibu ulioanza mwaka 1990. Waliofanya mtihani wa kidato cha nne kwa mtaala mpya, uliotahiniwa kwa mara ya kwanza mwaka 2024, wana mfumo tofauti wa alama, kwa hiyo wafuate tangazo la chuo la mwaka wao na si la kaka zao. Orodha ya masomo ya lazima nayo husomwa upya kila mwaka.

Nichague chuo gani na programu ipi?

Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, kina Shule ya Uchumi ndani ya Koleji ya Biashara na Sayansi za Usimamizi. Hapo kuna shahada ya sanaa katika uchumi, na kando ya hiyo kuna shahada ya sayansi ya uchumi wa kitakwimu, ambayo ina hesabu na takwimu nyingi zaidi. Zote mbili ni za miaka mitatu. Nje ya Makerere, uchumi unasomwa Kyambogo, Mbarara, Gulu, Nkozi, Mukono, katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, na kwingineko.

Ukiwa na hesabu nzuri na unapenda kukaa na data, chukua ile ya kitakwimu. Milango ya kazi za utafiti hufunguka upesi zaidi kwa anayeijua takwimu. Usichague chuo kwa jina peke yake. Uliza darasa lina wanafunzi wangapi, na kama kuna vipindi vya mazoezi ambamo mtu anasahihisha kazi yako. Kwangu mimi hilo la pili lina uzito kuliko jina lililoandikwa langoni.

Ada italipwaje?

Serikali hudhamini takriban wanafunzi 4,000 kila mwaka katika vyuo vya umma. Takriban robo tatu huchaguliwa kwa ufaulu wa kitaifa na sehemu kubwa ya robo iliyobaki kwa mgao wa wilaya, na nafasi nyingi huelekezwa kwa masomo ya sayansi. Mgao wa wilaya ni muhimu kwa mtoto wa wilaya ya mbali kama Yumbe au Bundibugyo, kwa hiyo fomu ijazwe kwa uangalifu na kwa wakati. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, nayo imekuwa ikitoa kipaumbele kwa sayansi na teknolojia. Soma orodha ya programu kabla ya kuiweka kwenye hesabu za familia.

Waliobaki hujilipia. Mzazi anapopanga bajeti asitazame ada ya masomo pekee. Kuna ada nyingine za chuo zinazolipwa kila mwaka, kuna hosteli ya Kikoni au Nakulabye, mitaa iliyo karibu na Makerere, chakula, nauli, na kompyuta, ambayo kwa mwanafunzi wa uchumi si anasa.

Nitasoma masomo gani mwaka hadi mwaka?

Mwaka wa kwanza ni wa misingi: uchumi mdogo, unaohusu mteja, kampuni na soko, uchumi mkuu, unaohusu pato la taifa, ajira na mfumuko wa bei, hesabu za wanauchumi, na takwimu. Mwaka wa pili mambo hayo hurudi kwa kina zaidi, na ekonometria huanza, yaani ufundi wa kupima kwa data kama jambo moja kweli linaambatana na jingine na kwa kiasi gani. Baada ya mwaka wa pili wanafunzi wengi huenda mafunzo kwa vitendo katika ofisi, benki au halmashauri ya wilaya. Mwaka wa tatu huwa na fedha za umma, uchumi wa fedha na benki, biashara ya kimataifa, maendeleo, na utafiti wako mwenyewe.

Je, mambo haya yanaihusu Uganda, au tunasoma nchi za watu?

Vitabu vingi vya kufundishia vimeandikwa Marekani na Uingereza, na mifano yake ni ya huko. Lakini mwanafunzi mwenye macho hatakosa mifano ya nyumbani, na nchi yetu imetoa mingi ambayo inafaa kusomwa kwa undani.

Chukua mwaka 2011. Ukame ulikuwa umepandisha bei za vyakula, shilingi ilikuwa inaporomoka, na mwezi wa Oktoba mfumuko wa bei ulifika asilimia 30.5 kwa mwaka. Benki Kuu ya Uganda ilikuwa imeanza Julai mwaka huo kutumia riba yake elekezi, ambayo riba za benki nyingine huifuata, kwa asilimia 13, na kufikia Novemba ilikuwa imeipandisha hadi asilimia 23. Mikopo ilikuwa ghali mno. Wafanyabiashara waligoma kufungua maduka yao Kampala. Mwisho wa 2012 mfumuko ulikuwa umerudi chini ya asilimia 10. Mwanafunzi anayesoma uchumi wa fedha anapaswa kuuliza ni kiasi gani cha nafuu ile kilitokana na riba, na ni kiasi gani kilitokana na mavuno yaliyorejea. Sijaona swali bora zaidi la kumfundishia mtu ekonometria, kwa sababu kila mwenye umri wa kutosha nchini ana jibu lake, na wengi hawana ushahidi.

Au chukua tarehe 1 Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza asilimia 1 kwenye miamala ya fedha kwa simu. Katika darasa la uchumi mdogo kuna kipimo kinachoitwa unyumbufu wa mahitaji: bei ikipanda kidogo, watu hupunguza matumizi kwa kiasi gani? Watu walipunguza kweli kweli. Walirudi kubeba noti mfukoni, wengine wakamtuma mtu kwa boda boda, na baadaye mwaka huo kodi ilishushwa hadi asilimia 0.5 na kubakizwa kwenye kutoa fedha tu. Mwalimu akianza na kisa hicho kabla ya kuchora mstari wowote ubaoni, darasa zima huelewa.

Hata umaskini, ambao kila mtu huuzungumzia kwa hisia, una historia ya kupimwa: mwaka 1992/93 asilimia 56.4 ya Waganda walihesabiwa kuwa chini ya mstari wa umaskini, na mwaka 2019/20 walikuwa asilimia 20.3. Mstari huo umechorwa wapi, na nani ameuchora, ni jambo utakalolijadili mwaka wa tatu, na natumaini utalijadili kwa ukali.

Masomo yanafundishwa kwa lugha gani? Kiswahili kitanisaidia?

Mihadhara, vitabu na mitihani yote ni kwa Kiingereza. Kiswahili hakitakupa alama darasani, lakini kitakupa kitu kingine utakapokwenda kukusanya data, kama nitakavyoeleza chini. Kinafaa pia kwa kueleweshana. Nimeona mara nyingi kwamba mwanafunzi anayeweza kumweleza mwenzake gharama ya fursa, yaani kile unachokiacha ukichagua kingine, kwa Kiswahili, bila kutaja neno lolote la kitabuni, ndiye aliyeielewa.

GPA inahesabiwaje?

GPA ni wastani wa alama zako zote, kwa kipimo cha hadi 5.00. Daraja la kwanza huanzia 4.40, la pili la juu 3.60, la pili la chini 2.80, na kufaulu kwa kawaida 2.00. Chini ya alama 50 unarudia somo. Kumbuka kwamba alama za mwaka wa kwanza zinaingia kwenye jumla sawa na za mwaka wa mwisho.

Ninahitaji kujua programu gani za kompyuta?

Excel kwanza, na uijue vizuri. Baadaye programu ya takwimu: Stata, ambayo wahadhiri wengi huitumia, au R, ambayo ni bure.

Utafiti wa mwaka wa mwisho ni mzigo kiasi gani?

Ni mzito kwa anayeuchukulia kama karatasi ya kumaliza shule. Kuna wanaonunua kazi iliyoandikwa na mtu mwingine kwenye vibanda vya kuchapia, na hilo linaniumiza, maana hapo mwanafunzi anaitupa ile sehemu moja ya shahada ambayo ni yake mwenyewe.

Utafiti wangu ulihusu biashara ndogo ndogo ya mpakani. Ofisi ya Takwimu ya Uganda pamoja na Benki Kuu wana utaratibu wa kuweka watu kwenye vituo vya mpaka wakaandika kinachopita kwa baiskeli, kwa kichwa na kwa mkono, kwa kuwa bidhaa hizo haziingii kwenye vitabu vya forodha. Mimi nilikwenda Vurra, upande wa Arua, nikiwa na hojaji iliyochapwa kwa Kiingereza na kupitishwa na msimamizi. Swali la saba liliuliza wastani wa kipato kwa mwezi. Mama wa kwanza kumuuliza alikuwa anauza mafuta ya mawese kutoka Kongo. Nilimtafsiria swali kwa Kiswahili, naye akaniuliza, "Mwezi gani, mwanangu? Wa mvua au wa jua?" Kisha akanionyesha jinsi anavyohesabu: madumu mangapi yameisha kufikia siku ya soko, ukitoa la mtu wa baiskeli, ukitoa deni la aliyempa mzigo upande wa pili. Mwezi haukuwemo katika hesabu zake kabisa.

Usiku ule niliifuta hojaji yote, nikaiandika upya kwa Kiswahili: wiki iliyopita uliuza madumu mangapi, ulinunua kwa bei gani, ulimlipa nani? Majibu yalianza kutoka bila kusita, na mengi yalikubaliana yenyewe kwa yenyewe nilipoyajumlisha. Msimamizi wangu alinipa mara moja ruhusa ya kubadilisha. Kama ningebaki na swali la saba ningerudi Kampala na safu nzima ya namba za kubahatisha, na programu ya kompyuta ingezikokotoa bila kulalamika.

Kwa hiyo anza mapema, chagua jambo unaloweza kulifikia kwa miguu, na jaribu maswali yako kwa watu watano kabla ya kuyapeleka kwa mia.

Nikimaliza nitapata kazi gani?

Wahitimu wa uchumi wako Wizara ya Fedha, Benki Kuu, Ofisi ya Takwimu, Mamlaka ya Mapato, ofisi za mipango za wilaya, benki za biashara, vyama vya kuweka na kukopa, na mashirika ya misaada. Kituo cha Utafiti wa Sera za Uchumi, kilichopo Makerere tangu mwaka 1993, huajiri watafiti, lakini huko shahada ya uzamili ni karibu ya lazima. Nafasi ni chache kuliko wahitimu. Nisingekuwa mkweli nikisema vinginevyo. Wanaopata haraka ni wale walioweza kuonyesha kazi: jedwali walilolitengeneza, ripoti waliyoiandika, utafiti ambao kweli ni wao.

Wapo pia ambao njia yao ilikatika katikati. Emmanuel Tumusiime-Mutebile alikuwa rais wa wanafunzi wa Makerere alipolazimika kukimbia utawala wa Amin mwaka 1972. Alimalizia masomo Durham, Uingereza, na baadaye akawa gavana wa Benki Kuu kuanzia 2001 hadi alipofariki Januari 2022.

Ninatoka Kenya, Tanzania au Kongo. Nifanye nini kwanza?

Vyeti vyako vilinganishwe na vya Uganda kabla ya kuomba. Vya sekondari hushughulikiwa na Baraza la Mitihani la Uganda. Mtanzania aliyemaliza kidato cha sita hana tabu kubwa. Mkenya wa mfumo usio na kidato cha tano na sita aulize Baraza la Taifa la Elimu ya Juu ni ngazi gani ya kati inayotakiwa kwake, na aulize mwenyewe, si wakala. Wa Kongo atahitaji vyeti vilivyotafsiriwa kutoka Kifaransa, na muda wa kutosha wa kuzoea Kiingereza.

Nimemaliza kidato cha sita na chuo hakijafunguliwa. Miezi hii niitumieje?

Mitihani huisha Desemba na vyuo vingi hufungua Agosti, kwa hiyo una zaidi ya nusu mwaka. Tafuta kitabu cha hesabu cha kidato cha tano, kianze kwenye milinganyo na grafu, uendelee hadi kwenye kasi ya mabadiliko. Saa moja kila siku inatosha, mradi ufanye mazoezi kwa kalamu. Ukiwa hukusoma hesabu, mwombe mtu aliyeisoma akusahihishie mara moja kwa wiki.

Kisha nunua daftari. Kila Jumamosi nenda soko la karibu na kwenu, uandike bei ya vitu vitano vile vile: maharage, sukari, sabuni, lita ya petroli na mkungu wa matoke. Ofisi ya Takwimu hutoa fahirisi ya bei kila mwezi, nawe utaweza kulinganisha asilimia yao na yako, na kutafuta kwa nini zimeachana. Kwa matoke andika pia ukubwa wa mkungu, au bora zaidi upime kwa mizani, kwa sababu mara nyingi mkungu huanza kupungua wiki kadhaa kabla bei haijasogea.